Uyoga wa chini ya mti: kabla hujauliza kama unaliwa, sema kwanza ni mti gani

Kila mvua zikishachanganya simu yangu inageuka ofisi ya bwana shamba. Picha zinaingia moja baada ya nyingine, uyoga mweupe, wa njano, mwekundu wenye madoa, wote umepigwa kwa juu kama picha ya pasipoti, na chini yake swali lile lile, "mkuu huu unaliwa?" Hakuna hata mmoja aliyepiga picha ya mti. Mtu kaukuta pembeni ya shina, kainama, kapiga kofia, katuma, basi. Na kwenye magrupu ndo vurugu tupu, mmoja anasema uyoga wa chini ya mti wote sumu, mwingine anasema huo ndo mtamu kuliko wote bibi yake kamlea nao, wa tatu anasema hiyo dalili mti unaoza ukate kabla haujaangukia nyumba, wa nne anauliza mbegu zake bei gani apande kwenye mifuko.

Hawa wanne hawadanganyi. Ila kila mmoja anaongelea uyoga wake, wanabishana kama watu waliokutana kituoni mmoja anasubiri basi la Mbeya mwingine la Mwanza.

Twende polepole. Uyoga unaouona siyo kitu kizima, ni tunda tu. Embe siyo mwembe, si ndiyo? Sasa hapa "mwembe" wenyewe uko chini ya ardhi na haufanani na mti hata kidogo, ni nyuzi nyembamba kuliko uzi wa kushonea, mara nyingi nyeupe, zimetapakaa kwenye udongo na majani yaliyooza. Siku ukiwa porini funua majani yaliyolowa chini ya mti utaziona, kama utando wa buibui umelala pale, na harufu ya uyoga unaisikia hata kama uyoga wenyewe haujatoka. Hizo nyuzi ndo fangasi yenyewe. Najua ukisikia fangasi unawaza vidole vya miguu na tyubu ya dawa, lakini huo ukoo mkubwa aisee, humo kuna hamira ya maandazi, kuna ukungu wa kwenye mkate uliolala, na kuna huu uyoga. Nyuzi zinaweza kukaa chini miaka na miaka kimyakimya, mvua ikishuka vizuri zinasukuma tunda juu, siku chache limeoza limeisha, nyuzi zinabaki.

Cha kushika hapa ni kwamba fangasi haina ukijani, kwa hiyo haiwezi kujipikia chakula kwa jua kama mmea. Lazima ile cha mwenzake. Na njia za kula cha mwenzako hata mtaani tunazijua, unaokota kilichoachwa, unaiba, au unafanya kazi unalipwa. Uyoga wa chini ya mti unaweza kuwa wa njia yoyote kati ya hizo, na ule ubishi wa kwenye magrupu karibu wote unatoka hapa.

Waokotaji wanakula kilichokufa, magogo, visiki, mabua. Ule uyoga wa mamama unaouzwa supamaketi kwenye vifuko ni wa huku, ndo maana unalimika, unaupa mabua ya mpunga au mabaki ya pamba, unachemsha kwanza, unachanganya na mbegu, unaweka kwenye banda lenye unyevu, wiki chache unavuna. Hauna shida na mti hai. Porini nao utaukuta kwenye shina, ila shina lililokufa au liko njiani.

Wezi nao wapo. Kuna ukoo unaitwa Armillaria, unakula mizizi ya mti ungali hai, halafu uyoga wake unatoka kwa mafungu pale chini ya shina, rangi kama asali. Wakulima wa chai Kenya na Malawi wanaujua kwa ubaya, maana ukifyeka msitu ukapanda chai, mizizi ya zamani inabaki ardhini kama ghala na fangasi inahamia kwenye chai. Dawa ya zamani ni kumenya gome la mti mzunguko mzima, muda mrefu kabla ya kuukata, mti unajimalizia akiba yake ya wanga iliyoko kwenye mizizi, mwizi akifika anakuta stoo tupu. Na usidharau ukubwa wake, kule Oregon Marekani kwenye msitu wa Malheur kuna Armillaria moja imepimwa ikaonekana imetandaa hekta kama 965, kiumbe kimoja hicho, umri unakadiriwa kupita miaka 2,000. Ulaya na Marekani watu wanaula ila lazima uive hasa, ukiwa mbichi unavuruga tumbo. Kwa hiyo yule aliyesema uyoga chini ya mti ni dalili mti unaumwa, kwa huu yuko sahihi. Kosa ni kuchukua panga kwa kila uyoga.

Maana njia ya tatu, ya kufanya kazi ulipwe, ni kinyume kabisa. Na huku ndo uliko uyoga ambao kina mama wanausimamisha barabarani kwenye ndoo na masinia, Iringa, Tabora, Kigoma, Songea, na ng'ambo ya mpaka Zambia na Katanga.

Mti una majani, kwa hiyo sukari inayo. Ila mizizi yake ni minene, haipenyi kila mahali, na udongo wa misitu ya miombo ni maskini kweli, fosforasi ni ya kuokoteza. Nyuzi za fangasi ni nyembamba, zinaingia katikati ya chembe za mchanga ambako mzizi hauwezi hata kuchungulia. Mfano wake ni mama ntilie na kijana wa mkokoteni wa maji. Mama ana chakula lakini hawezi kuacha jiko, kijana ana miguu lakini hana jiko. Kijana analeta madumu kutoka mbali, analipwa sahani ya wali maharage. Hakuna anayemwonea mwenzake. Siku mama akifunga genge, kijana analala njaa, na siku kijana asipokuja mama atapika kidogo kidogo kwa maji ya kuomba jirani. Ukichimbua ncha ya mzizi mdogo wa mtundu, mmoja wa miti ya miombo, ukaiangalia vizuri utaona imenenepa, imevaa kitu kama soksi. Hiyo soksi ni fangasi. Hapo ndo kaunta, sukari inatokea huku, maji na madini yanaingilia kule. Wataalamu wanaita maikoraiza, jina siyo lazima ulikariri.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Sikonge, na ukienda naye kuchuma uyoga alikuwa na tabia moja iliyoniudhi sana utotoni. Mimi nikiona njano kwenye majani narukia, yeye ananishika kola. Kwanza anaangalia juu. Anataja mti, "mtundu huu", au "mtondo huu", kama anaita mahudhurio. Akishataja ndo anainama, na havuti, anaingiza kidole gumba na cha shahada chini kabisa kwenye udongo anautoa mzima na mguu wake, anausugua udongo, anaugeuza anaangalia chini ya kofia, ananusa, halafu kikapuni. Siku moja tukakuta wa rangi ya machungwa, mzuri kweli, umejazana kwenye kisiki, akaupita kama hajauona. Nikauliza kwa nini. Akasema "huo hauna mti". Nilikaa miaka nikidhani ni mambo ya mizimu.

Kumbe alikuwa anaongelea mama ntilie. Uyoga wa kuajiriwa haukai bila bosi. Na haukubali bosi yeyote tu, unataka mtundu, mtondo, myombo wenyewe uliobeba jina la msitu, au mkusu ule wenye matunda. Mninga uko humo humo miombo na ni mti wa heshima lakini hauna mkataba na uyoga huu, mwembe hauna, mnazi hauna, hiyo inatumia fangasi nyingine ndogo zinazoishi ndani ya mizizi na hazitoi uyoga wa kuchuma. Kwa hiyo ukiniletea picha ya uyoga chini ya mwembe wa uani kwenu, tayari najua siyo huo wa bibi, ni muokotaji anayekula majani yaliyooza au kisiki cha zamani kilichofukiwa, au ni wa mchwa. Wa mchwa ni habari nyingine kabisa, ule unalimwa na mchwa ndani ya kichuguu na mara nyingi mguu wake unashuka ndani ndefu kama mzizi, mtamu balaa, lakini bosi wake siyo mti.

Chini ya mtundu sasa utakutana na nini? Wa njano ndo maarufu, vitabuni Cantharellus, na miombo ina aina nyingi, za njano, za machungwa, nyekundu, hata nyeusi ipo. Ugeuze. Uyoga mwingi chini ya kofia una vibapa vyembamba kama kurasa za daftari, unaweza kuvikwangua kwa kucha vikatoka. Huu una mikunjo tu, kama kitambaa kilichofinywa, inashuka mpaka kwenye mguu na haitoki, ni nyama ile ile. Harufu yake inakaribia tunda lililoiva. Unatoka ardhini mmoja hapa mmoja pale, siyo kwa mafungu juu ya gogo, na yule wa kisiki aliyepitwa na bibi huenda alikuwa yule mwenye kurasa za kweli ambaye ukimla unatapika mpaka unamkumbuka aliyekunyonyesha.

Halafu kuna wa maziwa. Ukiukata unatoa utomvu, na nyama yake haichaniki kama nyuzi, inavunjika kama chaki. Mwingine mkali kama pilipili, huo watu wanachemsha wanamwaga maji ya kwanza ndo wanapika. Ukipikwa na karanga za kusaga na nyanya mbili, ugali wa mtama, sitaki kuongea sana maana nina njaa.

Wa tatu ndo ulionifanya niandike yote haya. Unatoka umefungwa kama yai jeupe, yai linapasuka, kofia inapanda, na pale chini kwenye udongo kinabaki kifuko. Ukoo wake unaitwa Amanita. Miombo ina Amanita zinazoliwa, Zambia na Malawi zinauzwa barabarani kwa mafungu, na huku kwetu ipo mpaka iliyopewa jina la Amanita tanzanica. Watu wamekula vizazi na vizazi. Wazungu wakisikia unakula Amanita wanashika kichwa, maana kwao ukoo huo huo ndo una muuaji mkubwa kuliko wote duniani, Amanita phalloides. Kofia yake ya kijani iliyopauka kuelekea njano au karibu nyeupe, kurasa nyeupe, pete kwenye mguu, na chini ana kifuko. Ndiyo, kifuko kile kile.

Utasema huyo yuko Ulaya, sisi anatuhusu nini. Sasa sikia hii. Wakoloni walipoanza kupanda misonobari Afrika, au mipaini kama wanavyosema Mafinga, miche ikawa inadumaa. Njano, mifupi, inakufa. Sababu ni hiyo hiyo, mama ntilie kafika mjini lakini kijana wa mkokoteni wake kabaki kijijini, na vijana wa hapa hawakuwa na mkataba na misonobari. Dawa ikawa kuchukua udongo kutoka kwenye misonobari iliyokubali na kuuweka kwenye vitalu vipya. Miche ikachangamka. Lakini ukibeba udongo huchagui abiria. Umekuja uyoga mzuri kama Suillus, ule wenye kofia ya kahawia inayoteleza kama bamia na chini badala ya kurasa una sponji, unaliwa ukimenya ngozi. Na huyo muuaji naye yuko nje ya kwao siku nyingi, Afrika Kusini yupo, na kwenye mashamba ya misonobari ya Tanzania ameshaonekana.

Fikiria basi kijana wa Tabora aliyejifunza uyoga vizuri kabisa, anajua wa yai wa miombo, kapata kazi ya kukata mbao nyanda za juu. Asubuhi baada ya mvua anakuta yai jeupe chini ya mti, kifuko kipo, kurasa nyeupe, "huu nimekua nao". Hajakosea alichofundishwa. Amebadilisha mti, basi. Na siyo mambo ya kufikirika, Ujerumani mwaka 2015 wakimbizi, wengi wao kutoka Syria, walijaa hospitali kwa sababu ya uyoga huu huu, waliuona kama wa kwao. Maarifa ya uyoga hayasafiri kama begi. Bibi kuangalia juu kwanza ilikuwa maana yake hiyo, kwamba nikitaja mti nijue kama niko kwenye eneo langu. Juu kukiwa na sindano za msonobari, bibi asingechuma hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyemfundisha msonobari.

Ubaya wa sumu yake ni adabu yake. Ladha nzuri, walionusurika wanasema hivyo. Masaa 6 mpaka 12 hakuna kitu, wakati mwingine hata siku nzima, umeshasahau ulikula nini. Ndo kutapika na kuhara kunaanza, kukali hasa. Siku ya pili unapata nafuu, unarudi kuongea, ndugu wanashukuru Mungu, kumbe muda huo ini linaliwa, siku ya tatu ya nne macho yanageuka njano. Kuchemsha hakuitoi, kukaanga hakuitoi, kuanika hakuitoi, na uyoga mmoja unatosha kumaliza mtu mzima. Kwa hiyo ukila uyoga wa porini ukaanza kutapika baada ya masaa 6 na kuendelea, hiyo ni mbaya kuliko ukitapika baada ya saa moja, ingawa watu wanadhani kinyume. Nenda hospitali hapo hapo, beba mabaki, hata maganda ya jalalani, na usirudi nyumbani kwa sababu ya ile nafuu ya siku ya pili.

Zile mbinu za kupima sasa. Kuweka kitunguu kwenye sufuria kikibadilika rangi ni sumu, au kijiko cha fedha kikiwa cheusi, hazifanyi kazi, sumu hii haina ugomvi wowote na kitunguu. "Ukiliwa na konokono au funza ni salama", hapana, konokono na funza wanakula huo wa kuua na wanaendelea na maisha, matumbo yao siyo yetu. "Wenye rangi kali ndo sumu", miombo kuna Cantharellus nyekundu inayoliwa na huyo muuaji ni mpole wa rangi kuliko kabichi. "Mweupe salama", huo mweupe mkubwa unaoota kwenye bustani za majani mjini, ambao baadaye kurasa zake zinageuka kijani, umeshawalaza watu wengi chooni. Maziwa au mafuta ya mawese baada ya kula hayazuii kitu. Ile ya radi kwamba inapasua ardhi uyoga unatoka sina shida nayo, radi inakuja na mvua, na mvua ndo inayojaza maji vile vitufe vilivyokuwa vimejiandaa chini.

Kirundi, uyoga na uoga vinaandikwa sawasawa, ubwoba. Na sisi tumetofautisha kwa herufi moja tu.

Kwa yule wa mbegu, pole, wa njano hatalimika kwenye mifuko. Ukimpa mabua ni kama kumpa kijana wa mkokoteni shamba la mpunga na kumwambia ale, hana meno ya kazi hiyo, yeye anajua sukari inayotoka kwenye mzizi hai. Shamba lake ni mtundu uliosimama. Ndo maana mkaa ukipita uyoga unapotea, na Urambo ambako kuni za kukaushia tumbaku zinatoka miombo hiyo hiyo, watu wanaotafuta uyoga wanatembea mbali kuliko zamani. Hesabu ya mtundu kwa wengi ni magunia ya mkaa, mara moja. Hakuna anayeandika ndoo za uyoga ambazo mti ule ule ungetoa kila masika. Nafuu ni kwamba miti ya miombo ikikatwa inachipua kwenye kisiki, mizizi haijafa, kijana wa mkokoteni anaweza kusubiri, ukiiacha ikakua uyoga unarudi. Ukingoa visiki ukalima, basi.

Juzi usiku jamaa yangu mmoja kanitumia picha, uyoga mweupe umelala kwenye sinia, kofia kama 5, imeshaoshwa, na sufuria linaonekana pembeni. "Mkuu huu si ndo ule wa kwetu?" Nikamjibu tuma picha ya mti ulipouchuma. Akasema sasa hivi giza, ila anayo ya mchana alipiga na wenzake kazini. Nikaifungua, vijana watatu wameshika mashoka, nyuma yao mashina yamenyooka kwa mstari, na chini kumejaa sindano za kahawia. Sikuandika, nikapiga.